Sikungoja Doldol Wanisomee

Baba Nyawira,

Uko mchangani miezi miwili sasa, na kiti chako pale ofisi ya simu wamenipa mimi. Sikukiomba. Kila asubuhi naketi mbele ya ile simu ya upepo, naita Sagana, naita Kerugoya, na Doldol naiacha ya mwisho.

Ulinifunza kwa ukali, nami nilikuwa nakunung'unikia. Kila ujumbe upewe namba. Hesabu maneno na uitaje hesabu kwanza, ndio wa kule ajue kama kuna lililopotea njiani. Halafu ngoja akusomee yote aliyoandika. Asipokusomea, rudia. Mtu akijibu "sawa" tu ulikuwa unagonga meza: "Wambui, sawa si jibu! Sawa ni mtu amechoka kusikiliza!" Nilicheka. Mjinga mimi.

Jumanne ile ulinituma kutoka kitandani hospitalini. Binti yako Nyawira, mwalimu kule Doldol, mlikuwa hamjasemezana tangu aolewe bila baraka zako. Ukaniambia, "Mwite. Niko na neno lake, na si la ugomvi." Nilikimbia ofisini. Mvua ilikuwa inanyesha, simu inakwaruza tu. Nikapaaza maneno sita: Baba mgonjwa sana, njoo Nyeri haraka. Mtu wa kule akasema, "Sawa, sawa." Nilikuwa nalia, nataka kurudi kwako. Hesabu sikuitaja. Sikungoja anisomee. Nikaandika kwenye kitabu: imefika.

Ukaniuliza, "Walikusomea?" Nikasema, "Walinisomea."

Nilikudanganya, Mzee. Wewe uliyenifunza kazi.

Jumatano uliangalia mlango. Alhamisi uliangalia mlango. Halafu ukageukia ukuta ukasema, "Basi, amekataa," na hukusema tena lingine. Jioni tukakufunika shuka.

Ijumaa alikuja. Ee Mungu wangu, alikuja akicheka, amebeba kibuyu cha asali, shule imefungwa, ati baba amenikumbuka! Alikuwa na karatasi waliyomwandikia kule. Baba. Njoo Nyeri. Maneno matatu. Yale mengine matatu yalipotelea kwa mvua, na ningejua hapo hapo kama ningengoja dakika moja. Angepanda gari siku hiyo hiyo.

Siku ya mazishi alinishika mkono akasema, "Angalau alikufa akijua nakuja." Mpaka leo sijamwambia neno lako la mwisho, maana sina roho ya kumnyang'anya hilo, na sina roho ya kulibeba pia. Asali aliniachia mimi. Iko juu ya kabati, sijaionja.

Ofisini wananisifu, ati ujumbe wangu haupotei siku hizi. Nasomewa kila neno, hata salamu za harusi. Inasaidia nini sasa? Watu wa Sagana wanalalamika nawachelewesha. Walalamike.

Lala, Baba Nyawira. Msamaha siuombi, maana hata huo huwezi kunipa tena. Niko na ujumbe mmoja tu kwako, na hesabu yake ni neno moja. Nakuahidi kila asubuhi, kabla sijaita mji wowote, nitakutumia huu kwanza, nitangoja, na usiponisomea nitarudia, kama ulivyonifunza.

Alikuja.

Wambui wako