Nilimwambia Shemeji Mguu Hauumi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie na usinicheke. Mimi ni mshonaji, nilikatwa mguu juu ya goti miaka mitatu iliyopita, na anayenitengenezea mguu wa bandia ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye amehangaika miezi saba kubuni kikombe kipya cha kuingizia kigutu, eti kisiumize watu kama vile vya zamani, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukijaribu. Kusema kweli ni kizuri, ila ukingo wake unachuna huku juu, ndani ya paja, mahali ambapo mwanamke hamwonyeshi shemeji yake, basi kila alipoinama na kuniuliza, "Shemeji, unauma wapi?" nikajibu, "Hauumi popote," nikatembea mbele ya watu natabasamu huku nimekaza meno. Sasa ametengenezea watu tisa vikombe kama hicho, ukingo wa vyote ameukata kama wangu, pale kliniki wananiita Mama Mfano, na Jumanne nilimkuta dada mmoja wa hao tisa, muuza vitabu, amerudi kwenye magongo, nikamuuliza kulikoni, akasema, "Wewe unatembea nao kutwa. Mimi ni mlegevu tu." Nikampa pole. Pole tu, mshauri, nikaondoka. Naona aibu hata kujitazama. Nikisema sasa, shemeji ataumbuka mbele ya wakubwa wake, na mume wangu atauliza nilikuwa naficha nini. Nifanyeje?

Mama Mfano

Mama Mfano,

Pole kwa kidonda, na haya yako naielewa, shemeji ni shemeji. Lakini mwenzangu, umenikera. Yule kijana alikuuliza swali la kazi, wewe ukampa jibu la ukweni. Plastiki haijui adabu. Sasa watu tisa wanachubuka kimyakimya wakidhani kasoro ni yao.

Hakuna anayekutaka uvue nguo. Vaa mguu, tembea mpaka paanze kuuma, uuvue, kisha chukua kalamu ya wino upige mstari kwenye ukingo, pale pale panapochuna. Kesho asubuhi mkabidhi shemeji kikombe mkononi useme, "Hapa. Tangu siku ya kwanza." Akitaka ngozi itazamwe, amwite muuguzi wa kike. Mumeo mwambie leo, kwa maneno hayo hayo. Shemeji atanuna siku mbili, halafu atashika msasa.

Ila kabla ya hao wote, pitia kwa muuza vitabu. Usimpe pole nyingine. Kaa, vua mguu mbele yake, umwambie, "Hata mimi unaniuma."