Jeki ya Lori na Baiskeli ya Rael

Sori, Jumatano

Mpwa wangu Rael,

Toka Muhuru Bay hadi Homa Bay, hakuna chuma kilichowahi kunishinda mimi. Mke wangu Mourine anakuletea dagaa wa omena pamoja na barua hii.

Baiskeli yako ni ya zamani, na gurudumu jipya la gia kumi na moja uliloniachia nilifunge ni pana. Lilikataa kuingia nyuma, nikapanua fremu kwa jeki ya lori. Jirani Byron akacheka, "Omera, ndugu yangu, unazalisha ng'ombe?" Mara fremu ikapasuka.

Nimezunguka mafundi wote wa kuchomelea. Wanasema chuma ni chembamba, moto utakitoboa. Na Jumamosi timu ya baiskeli inachagua waendeshaji! Rael mama, nakuomba, azima baiskeli nyingine, usiningoje.

Ni mimi mjomba wako Mwikwabe, ambaye hata kuendesha baiskeli sijui.