Mayi mu esanse ya Papa

Papa,

Usitoshe tena bobine ya pickup, iko muzuri. Fungula filtre, umwange esanse ya motoka mu shupa nyeupe, ungoje kidogo. Utaona mayi inabakia chini.

Ile mayi ni minye niliitia.

Jana asubui lobinet ilikauka. Nilibeba bido ya esanse, nikashotea mayi ya WC, nikasahabu kuimwanga yote. Kiisha ukanituma na feza na ile bido kwa Mama Ngalula, mwenye anauzishaka esanse pa soko, nilete esanse. Yee alijaza tu bila kuangalia ndani. Njo maana pickup ilizima ku Shituru: startère inazunguka, moteur inakataa kushika.

Wakati mulirudia nayo ya kusukuma, ulimulalamikia pa soko ya Kikula mbele ya batu: "Weye mama, unauzishaka batu mayi! Muizi!" Yee akasema: "Papa Kalenga, uliza mutoto yako." Minye niliangalia chini.

~~Labda naye anatiaka mayi kidogo.~~ Hapana. Ni bongo, haiko kweli.

Nilikuya mara mbili ku mulango ya chumba yenu kusema, nikarudia. Nasikia haya sana.

Pantalon ya masomo ya mudogo yangu Samy iko ku kamba. Minye nilitangulia kwa Mama Ngalula kumuomba samahani. Lakini, Papa, soko yote ilisikia sauti yako, yangu hakuna mwenye ataisikia. Motoka ikiwaka, tafazali uisimamishe mbele ya meza yake, ulipe esanse ingine kwake, useme kwa nguvu.

Mutoto yako mukubwa,
Angèle