Kwa Nini Naacha Kazi kwa Bwana Qasim

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeamua. Nitakuwa nesi!

Naiandika ili nisirudi nyuma. Miaka tisa mezani kwa Bwana Qasim, najaza nyaraka za makontena ya watu hapa bandarini — inatosha. Zile wiki nilizomuuguza Mama wodini zimenifungua macho. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wananiita "nesi wetu". Bibi mmoja wa Naliendele alinishika mkono, akasema nina mikono ya huruma. Mama amesharudi Kilambo, anapumua vizuri, na ameshamtangazia kila mtu huko kwamba binti yake Yolanda anakwenda kusomea unesi.

Nimemwambia Fredi akiwa anapiga pasi sare yake ya kiwandani. Hakucheka. Kauliza tu: unaifuata kazi, au unamkimbia Qasim?

Anasema hivyo kwa sababu ya ile nafasi ya karani mkuu. Bwana Qasim kampa mpwa wake, Mohamedali, kijana kaletwa juzi kutoka Dar.

Nimemnunia Fredi mpaka chakula kimepoa. Mume gani huyu!

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya kwanza ya kujitolea kwenye kituo cha afya cha masista. Sista Happiness, mkuu wa kituo, kasema niende kila Jumamosi, niione kazi kabla sijaitaka.

Nimetandika vitanda. Nimemwaga mikojo. Nimemlisha uji mama mmoja, akautema kwenye blauzi yangu, kisha akaniangalia kama vile kosa ni langu. Hakuna aliyeniita nesi wetu. Hakuna hata wa asante!

Nimerudi nyumbani uso umevimba kwa kununa.

Jumapili, 11 Mei

Padri anahubiri, mimi najiuliza: jana nilinuna kwa nini?

Kwa sababu sikusifiwa. Basi. Mama nilimuuguza kwa kuwa ni mama yangu. Wale wengine nilitaka tu wanipende.

Inauma kuiandika. Hasira kwa Qasim na sifa za wodini — ndizo sababu zangu zote?

Jumamosi narudi. Siachi kitu nusu.

Jumamosi, 17 Mei

Niandike yote kabla sijasahau.

Mtoto wa nimonia, kitanda cha dirishani. Mashine inayompa oksijeni ikaanza kulia — piii, piii — taa nyekundu. Sista Happiness akamhamishia kwenye mtungi upesi, mtoto akatulia. Mashine ikasukumwa koridoni. Sista akampigia Andrea, fundi wa vifaa tiba anayezunguka vituo vya huku. Yuko Newala! Mpaka Jumatatu. Sista akasema gesi ya mtungi haitatosha mpaka Jumatatu.

Nikasema: Sista, nipe niongee naye.

Ujasiri niliutoa wapi, sijui. Andrea kaniuliza taratibu. Mashine ina moto? Ina moto. Chomoa kwenye umeme. Ubavuni kuna kifuniko, kivute, utaona sponji ya kuchuja hewa. Nikakivuta. Sponji haionekani kwa vumbi! Ioshe na sabuni, ikamue, ikauke kabisa, usije ukairudisha mbichi. Nikaianika juani, nikaikalia pembeni kama mtu anayelinda mihogo isiliwe na kuku. Ikakauka. Nikairudisha, nikawasha. Ikanguruma — halafu ikalia tena!

Andrea: umeisogeza ukutani?

Nimeisogeza. Imegusa ukuta kabisa. Nikaivuta katikati ya korido, ipate hewa. Nikangoja. Taa ya kijani!

Sista akaipima, akaridhika, akairudisha kwa mtoto. Hakuniangalia hata kidogo, macho yake yote kwa mtoto. Na mimi sikujali! Nilibaki nimepiga magoti pale koridoni, nawaza ndani ya lile boksi kuna nini.

Jumatano, 21 Mei

Nimeifungua mashine ya fotokopi ya ofisini. Inakunja karatasi tangu Pasaka. Bwana Qasim kapita: Yolanda, ukiiua hiyo, utaizika mwenyewe.

Haikufa!

Jumamosi, 31 Mei

Andrea amekuja kituoni. Mrefu, mpole, haongei mpaka umwulize. Nikamwuliza: kaka, hii kazi unaipenda? Kasema siku nyingine haipendi hata kidogo. Vipuri haviji, barabara mbovu, kifaa kikifa anatafutwa yeye. Lakini akiondoka mahali mashine inafanya kazi, safari nzima anakuwa na furaha.

Kaniachia pampu moja mbovu niifungue. Nimepoteza skrubu, nimeitafuta kwa kutambaa, nimeipata chini ya kabati. Nilipoinua kichwa watu wa zamu ya asubuhi walishaondoka.

Kozi ya ufundi wa vifaa tiba ni stashahada. Miaka mitatu, Dar. Hesabu nilipata D ya chupuchupu, fizikia C. Andrea anasema nijaribu. Nimetuma maombi kwa simu, pale pale, mikono ina grisi.

Jumapili, 1 Juni

Mama kwenye simu: fundi? Kama fundi baiskeli?

Anasema watu wa Kilambo wanasubiri nesi, atawaambia nini. Nikasema: Mama, ile mashine uliyokuwa unapumulia hospitali, unadhani nani anaitengeneza?

Akauliza kwa woga kabisa: "Kwani huwa inaharibika?"

Fredi ndiye mgumu. Miaka mitatu, na Vania wetu ana miaka sita. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Kachukua kiti, kaenda kukaa uani peke yake.

Jumatano, 9 Julai

Mohamedali kaondoka. Mtwara haikumpendeza. Bwana Qasim kaniita, kafunga mlango: karani mkuu ni wewe, na mshahara unapanda. Nilikosea, Yolanda, ilikuwa yako tangu mwanzo.

Maneno niliyoyangoja! Fredi karuka kwa furaha, kasema Mungu amejibu kabla hatujaharibu mambo.

Mimi nikangoja furaha ije. Haikuja. Nikaitafuta hasira — nayo haipo. Sina kinyongo na Bwana Qasim, wala na mpwa wake. Na huko kituoni nikifungua mashine hakuna anayenisifu.

Bado nataka kwenda.

Jumatatu, 14 Julai

Chuo kimenichagua!!

Fredi kausoma ujumbe, kaurudia, kanirudishia simu. Mama Vania, na nafasi ya Qasim? Nikasema siichukui. Kasema yeye hajasema ndiyo. Nikasema najua, Baba Vania.

Tumelala hatuongei.

Ijumaa, 18 Julai

Ofisini. Wameenda msikitini wote, nimebaki mimi na feni.

Asubuhi nimemwambia Bwana Qasim kwamba naacha kazi. Kaweka kalamu chini. Nani kakuudhi? Hakuna, Bwana Qasim. Umepata ofisi nyingine, wamekuahidi zaidi? Hapana. Mume anahama? Hapana. Akachoka. Angejua aliyeniudhi angemwita, yaishe. Kasema: nakwenda kuswali, nikirudi unieleze vizuri, maana sijakuelewa.

Nafanya mazoezi ya kueleza. Kila nikianza, naanza na sponji. Ataniona chizi!

Simu imelia sasa hivi. Ujumbe wa Fredi: "Vania anauliza mama akiwa Dar nani atamsuka nywele. Nimjibu nini?"

Nimeusoma mara tatu. Ameshamwambia mtoto! Fredi, aliyeninyamazia wiki nzima, amemkalisha Vania na kumwambia.

Machozi haya, na karatasi za watu ziko mezani.

Nimeandika: "Wewe. Kesho nakufundisha." Bado sijatuma — Bwana Qasim amerudi, amevuta kiti, amekaa. Anasema haya, Yolanda, nakusikiliza.