Valizi Iliyosoma Habari

Papa Cirhuza,

Nimeenda ku masomo ya magaribi. Bugali iko mu sufuria, samaki za sambaza ziko chini ya sahani ya bulu. Cirhuza amekwisha kunywa maziwa, asikudanganye.

Asubui ulifungia radio mu ile valizi yako mupya ya kufuli ya namba, eti majirani wasiiazime tena. Lakini ulisahau kuizima! Nyumba iliponyamaza, tukasikia valizi inasoma habari. Mama yako, alikuwa amefika sasa hivi kutoka kwake kule Kasha, akapiga magoti: "Ee Maria, kuko mutu mule!" Akainyunyizia maji ya baraka. Yule mutu akamujibu na bei ya kahawa.

Nikatafuta namba. Siku mutoto alizaliwa: hapana. Siku ya ndoa yetu: hapana. Siku nilizaliwa mimi: hapana. Hapo roho iliniuma, sikufichi. Kwa hasira nikaweka zero zero zero. Ikafunguka! Papa, ile namba ilitoka nayo ku duka! Na kila siku unatufundisha mambo ya usalama.

Nimerudisha radio mule, nikaweka namba ingine. ~~Ni moja, tano,~~ Hapana, tafuta mwenyewe: ni siku na mwezi uliniona mara ya kwanza ku mazoezi ya kwaya. Mama yako anaijua, lakini atakucheka kwanza.

Ukifungua, radio haitasema. Mapile yake, zile betri, niko nayo mu sakoshi yangu. Umuachie mama yako mutoto, ubebe radio, ukuje kunipokea saa mbili. Tutarudi tukisikiliza mupira.

Maman Cirhuza,
mukubwa wa usalama mu nyumba hii