Nimenoa Weji ya Baba Mkwe

Shangazi Josephina, shikamoo. Nakuandikia nimesimama, maana tangu nianze mchezo huu wa gofu kukaa chini nimesahau, na tafadhali usicheke, mimi ni mkulima wa karoti na kabichi hapa juu ya Soni, mama wa watoto watatu, na miezi saba iliyopita sikujua gofu ni kitu cha kula au cha kuvaa. Nilipeleka karoti kwenye hoteli moja yenye uwanja mdogo wa mashimo sita, mwalimu wao Yusufu akanipa fimbo kwa utani akasema jaribu mama, nikapiga, mpira ukavuka bonde ukatua karibu na bendera, watu wakapiga kelele, na mimi nikapiga kelele kuliko wote! Yusufu anasema ni kwa sababu nimelima kwenye mteremko tangu utoto, mguu mmoja juu mwingine chini, siyumbi. Akaniazima seti ya zamani, na siku hizi hata nikipalilia mikono inajipanga yenyewe kama nataka kupiga.

Sasa sikiliza. Baba mkwe wangu, mzee Aron, alikuwa mtunza stoo kwenye shamba la chai kule Bulwa miaka thelathini, na huko ndiko alikojifunza gofu, jambo ambalo hata mume wangu Emanueli alilisikia juu juu tu. Mimi nimeolewa nyumbani kwa mzee huyu miaka tisa, na kwetu Wasambaa mkwe na mkamwana wanaheshimiana kwa mbali, ni shikamoo baba, marahaba, chakula tayari baba, basi, hata njiani nampisha. Aliposikia nacheza akaniita uani, akafungua blanketi, ndani mna weji tatu, zile fimbo fupi zenye uso uliolala za kunyanyulia mpira ukikaribia shimo, moja imeandikwa 52, nyingine 56, nyingine 60, akasema, "Chagua moja mwanangu, iwe yako. Lakini usiharakishe, zijaribu zote."

Shangazi, sikuzijaribu. Niliiona ile 60 imelala kama sahani, nikapiga mara moja, mpira ukapanda juu kuliko mikaratusi, mzee akasahau uzee akaita kwa Kisambaa, "Hongea, mwanangu!" na mimi nikasema ni hii hii, sitaki nyingine. Na tangu siku hiyo mzee anaongea na mimi! Kila jioni ananiuliza nimepigaje, ananionyesha fimbo inashikwaje, amecheka mbele yangu, mama mkwe mwenyewe anashangaa.

Basi wiki iliyopita mipira ikaanza kunikimbia, napiga, mmoja unapanda, wa pili unachapwa kichwani unapita shimo mpaka kwenye majani ya ng'ombe, nikaigeuza ile fimbo nikaona chini ni nene, mviringo, butu, na kwa mkulima kifaa butu ni aibu, nikaipeleka Soni sokoni kwa fundi Selemani anayenoa majembe yetu, nikamwambia ondoa huo unene, ipe makali. Akaipa. Unaweza kukatia kabichi. Nilivyofurahi, Shangazi! Nikaenda uwanjani nikapiga kwa nguvu zote, fimbo ikazama kwenye udongo ikabaki imesimama yenyewe, mpira haujatikisika, na Yusufu akashika kichwa.

Jumamosi hii tunacheza na watu wa Bulwa, wenzake mzee wa kazini zamani, ameshawatangazia wote kwamba mkamwana wake atacheza, na juu ya hayo amesema mfuko wangu wa fimbo ataubeba yeye mwenyewe, hebu fikiria, baba mkwe abebe mfuko wa mkamwana! Ameniuliza mara tatu, "Ile fimbo inaendeleaje?" na mara tatu nimejibu, "Vizuri, baba." Nikimwomba nyingine atauliza hii ina nini. Nimefikiria kusema mkono unauma. Naomba uniambie Jumamosi nitumie weji ipi, na nimfiche vipi mzee mpaka siku ipite, kwa sababu miaka tisa ya kupishana njiani inatosha, sitaki kurudi huko.

Mimi Beatha, Soni.

*

Beatha mwanangu, marahaba. Kaa chini kwanza. Nimecheka mpaka mhariri wa gazeti akachungulia mlangoni, halafu nikakukasirikia, na vyote viwili umevistahili.

Tuanze na fimbo, maana miaka kumi na tisa nimecheza mchezo huu na sijawahi kusikia weji iliyonolewa. Ule unene uliouita butu ndiyo kazi yenyewe ya weji. Jembe limetengenezwa lizame, weji imetengenezwa isizame. Kile kitako cha mviringo kinateleza juu ya udongo, kinapita chini ya mpira na kutoka salama. Udongo wenu wa milimani ni laini na mvua haiwaachi, kwa hiyo wewe unakihitaji kuliko mtu anayecheza kwenye ardhi ngumu ya pwani. Na ndicho ulichokwenda kukiondoa, tena kwa furaha!

Hata kabla ya Selemani ulishakosea. Namba ikiwa kubwa, uso umelala zaidi, mpira unapanda sana na hauendi mbali. Hiyo 60 ni ya watu waliokomaa. Ukikosea kwa unene wa kidole unachapa kichwa cha mpira, ndiyo maana ilikuwa inakukimbia. Fimbo haikuwa butu, mgeni ni wewe. Mchezaji wa miezi saba anatosheka na weji mbili: ile yenye herufi P iliyomo kwenye seti uliyoazimwa, kwa mipira ya mbali kidogo, na 56 yenye kitako kipana, kwa mipira ya karibu na shimo na iliyoangukia mchangani. Ukishazizoea hizo, utaona pengo katikati yake, na hapo ndipo 52 itakapokaa. Kuusifia mpira kwa sababu umepanda juu ni ushamba, samahani lakini ndivyo ulivyo. Mpira unasifiwa kwa pale ulipolala.

Sasa mzee. Kumficha sikusaidii, na wala usiniombe tena. Mkono unaouma utapalilia vipi karoti Jumatatu mbele ya macho yake? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Halafu fikiri kidogo, mtu aliyetunza stoo miaka thelathini, kazi yake kukagua kila kifaa kilichotoka kikarudi, unadhani haoni fimbo inayong'aa upande mmoja iliyo nyumbani kwake? Mtu haulizi jambo moja mara tatu eti kwa sababu hakusikia jibu. Anakufungulia mlango, na wewe mara tatu umeufunga. Unaogopa atarudi kukaa mbali nawe, kumbe aliyeanza kurudi ni wewe, kwa hiyo "vizuri, baba" yako.

Najua unampenda, barua nzima imejaa habari zake. Basi mheshimu kwa ukweli. Leo ni Jumatano, una muda. Jioni hii, chakula kikiwa bado jikoni, chukua hiyo 60, usiifunike kwa kanga, mpelekee alipokaa. Piga goti, mpe kwa mikono miwili. Usimsukumie Selemani lawama, fundi wa watu alifanya ulichomwagiza. Omba msamaha mara moja tu, kisha mwombe alete zile mbili mzijaribu pamoja, na Jumamosi utacheza na ile atakayokukabidhi. Iliyonolewa isikanyage uwanjani.

Na maelezo marefu kama ya barua yako usimpe, atachoka kabla hujafika Soni. Sema tu, "Baba, nimeinoa." Halafu nyamaza, umwachie mzee nafasi ya kucheka.