Kitabu Hakitoki Jasho

Bi Mwalimu wangu,

Sikuandikii kukusamehe. Nakuandikia huko Fumba, ulikohamia baada ya kustaafu, upate kujua yaliyokisibu kitabu chako cha jiografia.

Unaikumbuka asubuhi ile? Ulitusomea kwamba Januari ni mwezi wa baridi, na watu huwasha moto majumbani. Mgongo wa gauni lako ulikuwa umelowa. Nikanyoosha mkono: "Bi Mwalimu, mbona Januari ni kaskazi, na sote twatoka jasho? Baridi si ya kipupwe, mwezi wa Julai?"

"Kitabu hakitoki jasho, mtoto wee. Kaa kitako!"

Darasa zima likacheka, nawe ukacheka nalo. Tangu siku hiyo wenzangu wakaniita Bi Baridi. "Bi Baridi, tukuletee blanketi?" Hayo ningeyasahau. Lakini nilipoomba kuingia darasa la ualimu, ulikataa kuniandikia barua. "Mwalimu habishani na kitabu," ulisema. Nikakaa nyumbani miaka miwili nikishona kofia, mpaka mwalimu mkuu wa skuli nyengine akanipokea bila barua yako.

Nisikudhulumu. Kitabu hakikusema uongo: kiliandikiwa watoto wa Uingereza, na kwao Januari ni baridi kweli. Wewe uliyajua yote mawili, ukachagua kuniaibisha.

Sasa nafundisha katika chumba kilekile. Redio za migahawa ya mtaa wetu wa Malindi hutangaza kila jioni mambo ambayo hayajaingia katika kitabu chochote. Mtoto aliyezoeshwa kuitikia "naam" tu atadanganywa na kila mwenye sauti kubwa. Kwa hiyo wanafunzi wangu hupima joto la kila siku na kuliandika, kisha huisoma sura ile ya Januari na kuuliza iliandikiwa nani.

Kabatini nilikuta nakala yako. Pembeni mwa sentensi ile umeandika "sahihi" kwa mkono wako. Ningeweza kumpa kalamu nyekundu mtoto yeyote. Nilimchagua Salma, mjukuu wako, ambaye mwaka huu yumo darasani mwangu. Akalikata neno lako kwa mstari mmoja, akaandika: "Si kwetu." Nilimpa alama zote, alizistahiki.

Likizo hii atakuja kwako na daftari lake la joto. Atakuuliza kwa nini. Ukimwambia akae kitako, hatakaa. Hilo nimemfundisha mimi.

Buriani, Mwalimu.

Mwanafunzi wako,
Bi Baridi